Mstari wa Kwanza wa Mama Mdogo

Mama Mdogo hajawahi kumfukuza mwanamume nyumbani kwake, ukimtoa fundi mmoja aliyeitwa kuziba bomba akalipasua zaidi. Naanza na hilo kwa sababu mji mzima sasa unaamini vingine. Unaamini kwamba siku moja, ujanani, alivitupa nje viatu vya mumewe, akamwambia aende zake, akafunga mlango, kisha akakitungia wimbo kisa hicho. Madereva wanakijua kisa hicho. Wauza mitumba wanakijua. Mwanamke asiyetufahamu hata kidogo alimshika mkono kwenye foleni ya benki akamnong'oneza, "Dada, ulifanya vizuri. Dawa yao ndiyo hiyo."

Mume mwenyewe, Baba Mdogo wangu, amelala kaburini miaka sasa, na hawezi kujitetea. Alikuwa mpiga gita, mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye vidonda vya tumbo vilivyomfanya anywe maziwa ya uvuguvugu huku wenzake wakilewa. Hakuwahi kurushiwa hata kijiko. Ugomvi wao mkubwa, niliousikia utoto wangu wote, ulikuwa juu ya dirisha la chumbani: lifungwe au liachwe wazi.

Sijui nimkasirikie nani kwanza, kwa hiyo nitasimulia kwa mpangilio.

Kabla mimi sijaanza shule, Mama Mdogo alikuwa mwimbaji wa bendi katika ukumbi wa dansi. Bendi ile ilikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Kila wimbo wao ulianza kwa mstari mmoja ulioimbwa mtupu, bila gita, bila ngoma, bila hata kijiti kugonga ukingo wa ngoma. Wenyewe waliuita kufungua mlango. Wachezaji walijua kwamba mtu hanyanyui mguu kabla mlango haujafunguka. Wanaume walitumia nafasi hiyo kutafuta wa kucheza naye, wanawake kujifanya hawaoni kwamba wanatafutwa, na mwimbaji alisimama peke yake mbele ya ukumbi mzima na sauti yake tu. Ndipo gita la Baba Mdogo lilipoingia, na watu wote wakaingia nalo.

Wimbo wenyewe ulipatikana hivi. Bibi yangu, mama mzazi wa Mama Mdogo na wa mama yangu, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Bendi ikaalikwa kupiga katika miji ya mbali, na Mama Mdogo alikuwa ameshakataa kwenda. Bibi akamwita. Akamwambia aende, asigeuke nyuma, mlango ataufunga mwenyewe. Huyo ni mtu ambaye kwa wiki nyingi hakuweza hata kujigeuza ubavu. Alikuwa ameshamwagiza mama yangu, ambaye ndiye mkubwa, avitoe nje viatu vya mdogo wake na kuvipanga vikitazama barabara. Mama Mdogo akavivaa, akaondoka. Mlango aliuacha wazi nusu, maana alijua hakuna wa kuamka kuufunga. Aliporudi walikuwa wameshazika.

Basi wimbo ulifunguliwa kwa mstari huu, mtupu:

*Haya si maneno yangu, ni ya mama, aliyasema akiwa kitandani.*

Kisha gita, kisha:

*Nenda, usigeuke nyuma, mlango nitaufunga mwenyewe.*
*Viatu vyako viko nje, vinaitazama njia.*
*Jioni ikiingia usiulize nimekula nini.*

Sasa ondoa ule mstari wa kwanza uimbe tena. Mama anayeaga dunia amekuwa mke aliyechoshwa na mume.

Na aliyeuondoa ni nani? Hakuna, na hilo ndilo linalonichoma. Kituo cha redio kiliirekodi bendi ukumbini, kikawa kinaupiga wimbo kila wiki. Watangazaji wa enzi hizo, kama wa leo, waliona ukimya ni adui wa kazi yao. Gita lisiposikika, wao walijua wimbo haujaanza, kwa hiyo waliongea juu ya ule mstari wa kufungua mlango mpaka ukaisha. Na nyumbani watu walikaa kando ya redio na kaseti zao, kidole juu ya kitufe cha kurekodia, wakisubiri gita ili wawe na hakika kwamba wimbo ndio wenyewe. Gita likilia, kidole kinashuka. Hivyo karibu kila kaseti katika kila nyumba ilianza na *Nenda*. Utepe wa kituo chenyewe ulikuja kutumika tena kurekodia hotuba ya mkubwa fulani. Hotuba yenyewe hakuna anayeikumbuka.

Bendi ikafa. Ukumbi ukawa duka la matairi. Mama Mdogo akapata kazi katika karakana ya kujalidi vitabu, nyuma ya maktaba ya chuo, na mpaka leo yuko pale, miaka michache tu kabla ya kustaafu. Ni chumba chenye meza ndefu, mashine ya kubana kama ya kukamulia kitu, makopo ya gundi, nyuzi zilizopakwa nta, na redio kaseti kuukuu iliyofungwa kwa bendeji ya hospitali. Wanafunzi wanamwita Mama Gundi.

Katika kazi ile ameng'ang'ania jambo moja. Kitabu kinapochoka, ukurasa unaotangulia kung'oka ni ule wa kwanza, kwa kuwa ndio unaoshikwa na kila anayepita. Mama Mdogo hashoni kitabu kisicho na ukurasa wa kwanza. Atatafuta nakala nyingine, hata kwa kuazima mbali, aunakili ukurasa kwa mkono wake, herufi zimesimama kama askari wa gwaride, kisha aubandike mahali pake ndipo ashone.

"Mama Gundi, si uanzie tu ukurasa wa tatu," wanafunzi humtania. "Hadithi tutaidaka mbele."

"Wewe ulizaliwa na meno?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa chini usubiri."

Na kila kitabu, kabla hajakitia sindano, anasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Mara nyingi haendi mbele zaidi. Anazihukumu sentensi hizo kama mtu anayepokea wageni mlangoni. "Huyu ameanza na mawingu. Mtu akianza na mawingu ujue hana habari." Au: "Huyu amebisha vizuri, lakini anaongea sana kabla hajakaa." Moja aliipenda akaiandika kwa chaki ukutani, sentensi ya kitabu chembamba ambacho mwandishi wake hata simjui: *Tulihamia nyumba ile kwa sababu ya ufa wake.* "Sasa huyu," aliniambia, "ukimwacha nje, wewe ndiye utakayepata hasara." Mimi nilisomea mambo ya vitabu chuoni, nimewasikia wahadhiri wakichambua mianzo kwa saa nzima, na bado nikifungua kitabu kipya husikia sauti yake kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka jana msichana mmoja wa chuo aliingia karakana akicheza muziki kwenye simu.

"Mama Gundi, sikiliza hiki kitu. Kimeniokoa."

"Kimekuokoa na nini?"

"Na yule mjinga."

Ulikuwa wimbo wa mwanamuziki kijana anayejiita Malkia Mdogo. Ngoma nzito, besi ya kutikisa madirisha, sauti nzuri kweli. *Nenda, usigeuke nyuma.* Mama Mdogo alibaki ameinua brashi, gundi ikidondokea kamusi.

"Mbona anaanzia katikati?"

"Katikati wapi, Mama? Huo ndio mwanzo wake."

Aliponisimulia alikuwa anacheka. Alisema amefukuliwa kama chungu cha zamani, atawekwa kabatini watoto wamwangalie. Nadhani alifurahi pia, kwa siku chache. Si mtu wa vurugu.

Kilichowasha moto ni kipindi cha redio cha Jumamosi asubuhi kiitwacho Chimbuko la Wimbo. Mtangazaji wake anajiita Jogoo, na nakubali kwamba jina limemkaa, maana hajawahi kusubiri kuche. Tulikuwa jikoni kwa Mama Mdogo tukimenya viazi.

"Basi wasikilizaji wangu," Jogoo akasema, "mwimbaji wa kwanza wa wimbo huu alikuwa mke wa mpiga gita wa bendi. Na huyo mpiga gita, jamani, chupa alikuwa anaijua kuliko nyuzi! Siku moja anarudi asubuhi, anapepesuka, anakuta nini? Viatu! Viko nje! Anabisha, ndani kimya! Hahaa! Ndipo mama akaimba..." Akaweka sauti ya mlango ukibamizwa, kisha *Nenda*.

Mama Mdogo akaweka kisu chini.

"Hivyo viatu ni vyangu," alisema.

Sijawahi kumwona vile. Hakupiga kelele. Alifuta mikono, akakaa, akasimama, akalifungua dirisha, akalifunga. Simu ikalia, ni mama yangu. "Umesikia? Nilivitoa mimi, kwa mikono yangu, mama akinielekeza kutoka kitandani, 'vigeuze, vitazame njia.' Leo vimekuwa vya mlevi?"

"Na mlevi mwenyewe mtu wa maziwa," Mama Mdogo akajibu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kwenye kituo hicho wanaingiaje watu?"

Tuliingia kwa kukaa mapokezi mpaka wakatuchoka. Jogoo alitoka na mikono wazi, kijana nadhifu, meno yote nje.

"Mama yetu! Gwiji! Yaani wewe ndiye? Nipige picha na wewe."

"Picha baadaye, baba. Nani alikwambia mume wangu alikuwa mlevi?"

"Aa, Mama, zile ni habari za mitaani. Tunatia chumvi kidogo, burudani."

"Chumvi huwekwa kwenye chakula chako. Wewe umeimwaga kwenye kidonda changu."

Akamweleza yote: mama yake, kitanda, viatu, mstari wa kwanza. Jogoo alisikiliza akitikisa kichwa kama daktari anayeujua ugonjwa. Kisha akauliza, "Kuna ushahidi? Rekodi, gazeti, chochote?"

"Utepe ulikuwa kwenu. Mliufuta."

"Unaona sasa, hapo ndipo penye tatizo. Na pia, Mama, nielewe. Asubuhi watu wanakunywa chai. Nikiwaletea maiti..."

"Mbona mlevi umewaletea?"

"Mlevi anachekesha."

Hapo nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia huyo anayechekesha ni baba yangu mdogo, amezikwa, na binti zake wanasikiliza kipindi. Alininyooshea kiganja, taratibu, kama anayemtuliza mbwa wa jirani. Sijasahau kiganja kile.

Aliyetuokoa ni Malkia Mdogo mwenyewe. Alikuwa jengoni siku ile kwa mahojiano mengine, na mtu wa mapokezi alikuwa amemnong'oneza kwamba mwenye wimbo yupo. Akaingia amevaa miwani myeusi inayofunika nusu ya uso, akaivua, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama. Wimbo wako nilifundishwa na mama yangu."

"Marahaba. Alikufundisha kutoka wapi?"

"Kaseti yake. Anayo mpaka leo. Baba alipotuacha, mama alilala siku nyingi hataki kula. Asubuhi moja akaiweka ile kaseti, akaamka, akatupikia. Alikuwa anaimba *mlango nitaufunga mwenyewe* huku anafagia. Mimi nilikuwa mdogo. Kwa hiyo nilipoanza muziki nilisema lazima niuimbe."

Mama Mdogo alikuwa amekuja na hasira yake yote, na sasa mtu anamwambia kwamba kosa lile limelisha watoto. Mimi mwenyewe nilitafakari: kama wimbo bila kichwa umemwinua mwanamke kitandani, tuna haki gani ya kumrudisha alale?

"Mama yako simnyang'anyi wimbo wake," hatimaye akasema. "Aliupata bila mlango, akaingilia dirishani, na alifika. Mungu amweke. Lakini mama yangu bado yuko nje, mwanangu. Nataka mstari mmoja tu."

Malkia akamtazama Jogoo. "Jumamosi tunaimba wote. Yeye anafungua, mimi napokea. La sivyo siji."

Jogoo alikubali haraka, maana Malkia alikuwa mgeni wake mkubwa wa mwezi.

Jumamosi ile Mama Mdogo alivaa gauni la kijani, akajisugua gundi kwenye kucha kwa mafuta ya taa, chumba cha studio kikanuka kama kibatari. Mpiga gita wa Malkia alikaa pembeni. Jogoo alisalimia, akasifu, akatangaza matangazo, akasema, "Na sasa, moja kwa moja!" Mama Mdogo akavuta pumzi. Akaanza, "*Haya si maneno...*"

"Aah, sikia sauti hiyo, wasikilizaji! Umri ni namba tu!" Jogoo akadakia.

Mama Mdogo akanyamaza. "Samahani, baba. Naanza tena."

"Bila shaka, Mama, uwanja wako."

"*Haya si maneno yangu...*"

"Na kama ndio unajiunga nasi sasa hivi, usiondoke, tuko na..."

Mama Mdogo alinyoosha mkono juu ya meza, akakifunika kipaza sauti cha Jogoo kwa kiganja chake kizima, kile kiganja cha kubana vitabu.

"Baba," alisema katika kipaza sauti chake mwenyewe, na mji mzima ukasikia, "wewe siku ukizikwa utainuka kuwakaribisha waombolezaji. Mtu anakufa hapa. Nyamaza afe vizuri."

Mpiga gita aliangalia sakafu ili asicheke. Jogoo alibaki mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakukutoka kitu.

Akauimba. *Haya si maneno yangu, ni ya mama, aliyasema akiwa kitandani.* Sauti ilikuwa imekwaruzika, haikuwa tena ya ukumbini, lakini ilitembea bila fimbo. Baada yake kukawa na ukimya, ule ukimya wa zamani ambao wachezaji hawakuthubutu kuukanyaga. Kisha gita, polepole. Malkia akapokea, na hakuimba kama kwenye rekodi yake, kwa kiburi na kidole juu. Aliimba kama mtu aliyelala chali. *Usiulize nimekula nini.* Niliusikia wimbo ule maisha yangu yote, na siku hiyo ndipo niliposikia kwamba bibi yangu hakuwa amekula.

Tulirudi nyumbani tukiwa washindi. Mama yangu alikuwa amesikiliza. Majirani walikuwa wamesikiliza. Mama Mdogo alilala mchana, jambo asilolifanya.

Jumatatu kituo kikarudia kipindi, na kipande kikasambazwa kwenye simu za watu. Nilikuwa kazini nilipokifungua. Kilianza na gita. *Nenda, usigeuke nyuma.* Walikuwa wameondoa kiganja, wameondoa ukimya, wameondoa mstari. Chini waliandika: *Malkia akutana na mke aliyemtimua mpiga gita.*

Nilipiga simu kituoni. Kijana mmoja akanieleza kwa upole kwamba mwanzo ulikuwa mrefu, watu siku hizi hawasubiri, wakisikia kimya wanahama. Nilimwambia nilivyomwambia, sitayaandika hapa. Alisema atafikisha maoni yangu. Malkia naye aligomba nao, najua, alinitumia ujumbe, lakini wimbo wake ulishatoka na wenye kuuza wakasema haufunguliwi tena. Mpaka leo unapigwa, bila kichwa, kwenye sherehe, kwenye saluni, kwenye simu za wasichana walioumizwa. Mpaka leo Baba Mdogo analala nje.

Wiki iliyofuata nilikuwa karakana, bado nikifoka, wakati mama mmoja mnene aliyevaa aproni ya jikoni alipochungulia mlangoni. Alikuwa mpishi wa shule iliyo upande wa pili wa barabara kuu. Ndiye mama yake Malkia.

"Nilikusikia Jumamosi ile, Mama Gundi, kabla hawajakata," alisema. "Nimeona aibu. Miaka yote naimba maneno ya mama wa mtu bila kujua." Akatoa kaseti kutoka mfuko wa aproni, imezungushiwa mpira wa nywele. "Wanasema wewe hutengeneza vinavyokosa ukurasa wa kwanza."

Mama Mdogo aliigeuza kaseti mkononi kama anavyogeuza kitabu, akitazama mgongo wake. Akaitia katika redio yenye bendeji, akabonyeza. Kwanza ilisikika sauti ya mtangazaji wa enzi zile, akiropoka kwa furaha, "...na msiende mbali wapenzi wasikilizaji, maana..." Kisha gita. Mama wa Malkia siku ile alikuwa ameshusha kidole mapema kidogo, akabahatika kunasa maropoko badala ya mstari.

"Hapa pana nafasi," Mama Mdogo akasema.

Akairudisha nyuma. Akatusikilizisha tena, na tena, akiipima nafasi ile kwa kidole mezani kama anavyopima ukingo wa karatasi. Aliwafukuza wanafunzi waliokuwa wakipiga soga dirishani. Akafunga mlango, mwenyewe. Kisha akainamia redio, akabonyeza vitufe viwili pamoja, na juu ya yule mtangazaji akaimba mstari wake, akanyanyua kidole.

Tulipousikiliza, maungio yalisikika. *...akiwa kitandani*, kisha *tak* moja kavu, kama kiberiti kinachovunjika, kisha gita la Baba Mdogo, lenyewe, la ujanani, likaingia bila kuyumba.

"Maungio yanaonekana," mama wa Malkia akasema.

"Acha yaonekane. Hata kwenye vitabu siyafichi."

Mpishi akaomba ipigwe tena. Safari hii, gita lilipoingia, hakuimba pamoja nalo kama alivyozoea. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wanafunzi, mikono juu ya aproni, akisikiliza maneno aliyoyajua yote kana kwamba mtu mwingine ndiye anayeyasema.

Ni kaseti moja tu, katika mji wenye redio zisizohesabika. Nililisema hilo kwa uchungu tulipokuwa tukifunga karakana. Mama Mdogo alikuwa akikwangua gundi kidoleni.

"Kesho waambie kituoni waupige wimbo tena, tangu mstari wa kwanza," alisema. "Wakikataa, keshokutwa."